Mafuta ya bangi kwa mtoto mwenye kifafa: kabla hujahesabu matone

SWALI: Shikamoo mfamasia. Mwanangu ana miaka 6 na uzito wa kilo 20. Alianza kuanguka kifafa akiwa na miaka 4, na tangu hapo anatumia dawa ya maji ya sodiamu valproeti, lakini bado anaanguka kama mara mbili kwa mwezi. Shemeji yangu anayeishi Uingereza amenitumia chupa ya mafuta ya bangi aliyoinunua dukani, ya mililita 10, imeandikwa CBD miligramu 500. Katika kundi letu la WhatsApp la wazazi kuna muuzaji anayesema mtoto apewe matone 4 asubuhi na 4 jioni, kisha valproeti ipunguzwe kidogo kidogo kwa sababu inaharibu ini, ilhali mafuta haya ni ya asili na hayana madhara. Je, matone hayo yanatosha? Na nianze lini kupunguza? (Mama, Mwanza)

JIBU: Marahaba, mama. Naanza na swali lako la mwisho kwa kuwa ndilo lisiloweza kusubiri: usipunguze valproeti hata kidogo kabla ya kuonana na daktari anayemtibu mtoto. Mtoto aliyekatishiwa dawa ya kifafa ghafla, au aliyepunguziwa na mtu asiyejua hatua za kuipunguza, anaweza kupata mshtuko unaozidi dakika tano bila kukoma, na hiyo ni dharura inayoua watoto na kuwaachia wengine ulemavu wa kudumu. Maswali ya namna hii yananijia mara kwa mara, na kinachonitia hofu kila mara si matone yanayoongezwa bali ni dawa inayoachwa.

Muuzaji wenu hakuliokota neno CBD hewani. Kanabidioli, kwa kifupi CBD, ni mojawapo ya kemikali za mmea wa bangi, na hailevyi kama THC, ambayo ndiyo inayomlewesha mvutaji. Mwezi Juni 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha dawa ya maji iitwayo Epidiolex, yenye kanabidioli iliyosafishwa, miligramu 100 katika kila mililita, kwa aina mbili za kifafa kigumu kinachoanza utotoni, yaani Dravet na Lennox-Gastaut. Mwaka 2020 ikaongezwa kifafa kinachotokana na tuberous sclerosis, ugonjwa wa kijeni unaootesha vivimbe kwenye ubongo na viungo vingine. Hapo ndipo habari ya kweli inapoishia na biashara inapoanza, kwa sababu wauzaji hunukuu idhini hiyo na kuyafumbia macho masharti yake. Katika jaribio la mwaka 2017 lililohusisha watoto na vijana 120 wenye Dravet, waliopewa kanabidioli walishuka kutoka mishtuko 12.4 kwa mwezi hadi 5.9, ilhali waliopewa dawa ya kulinganishia isiyo na kitu walibaki karibu palepale, kutoka 14.9 hadi 14.1. Hayo ni mafanikio makubwa kwa ugonjwa mgumu kama ule. Hata hivyo, walioacha kuanguka kabisa walikuwa asilimia 5 tu, na wote waliendelea na dawa zao za kawaida: kanabidioli iliongezwa juu ya dawa hizo, wala haikuchukua nafasi yake.

Sasa tupige hesabu ambayo muuzaji hakukupigia. Dawa ile iliyoidhinishwa huanza kwa miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, ikigawanywa mara mbili, na baada ya wiki moja hupandishwa hadi miligramu 10 kwa kilo. Kwa mtoto wa kilo 20, hiyo ni miligramu 100 kwa siku za kuanzia, kisha 200. Chupa yako ina miligramu 50 katika kila mililita, ikiwa maandishi yake ni ya kweli. Tukikadiria matone 20 kwa mililita moja, ingawa kitonyezi kimoja hakifanani na kingine, matone yale manane yanampa mtoto miligramu 20 kwa siku, yaani sehemu moja ya tano ya kiasi cha kuanzia tu. Kwa kipimo kile cha miligramu 200 kwa siku, chupa nzima ingekwisha kwa siku mbili na nusu. Kwa hiyo matone hayo hayatoshi, lakini tafadhali usilichukue jibu hilo kama ruhusa ya kuongeza matone. Sikupigii hesabu hii ili uitumie nyumbani. Nataka uone kwamba anayekuuzia hajui anauza nini, au anajua na hajali.

Zaidi ya hapo, hatujui kilichomo. Nchini Uingereza daktari bingwa anaweza kuandika dawa zitokanazo na bangi tangu Novemba 2018, lakini mafuta ya dukani huuzwa kama nyongeza ya chakula, si kama dawa, na mamlaka ya usalama wa chakula ya huko inashauri mtu mzima mwenye afya asizidishe miligramu 10 kwa siku, na inawatoa kabisa katika matumizi hayo walio chini ya miaka 18. Mwaka 2017 watafiti nchini Marekani walinunua kwenye intaneti bidhaa 84 za CBD na kuzipima: takribani asilimia 31 tu zilikuwa na kiasi kilichoandikwa, nyingine zilikuwa na pungufu au ziada, na 18 kati ya hizo zilikutwa na THC. THC kwa mtoto wa miaka sita si jambo la kubahatisha. Humlegeza, humlaza kupita kiasi, na kipimo kikiwa kikubwa humpotezea fahamu.

Kuhusu ini, hapa ndipo uvumilivu wangu unapoisha. Ni kweli valproeti inaweza kudhuru ini, na ndiyo maana daktari hupima damu. Lakini kanabidioli yenyewe, ile halisi na kwa kipimo halisi, hupandisha vimeng'enya vya ini katika damu, ambayo ni dalili kwamba ini linaweza kuwa linaumia, na hatari hiyo huongezeka hasa kwa mgonjwa anayetumia valproeti. Kwa hiyo anayekuambia mafuta haya yanaliokoa ini la mtoto wako amegeuza onyo lililo ndani ya karatasi ya dawa kuwa tangazo la biashara. Neno "asili" halina uzito wowote mbele ya ini. Ini halijui kama kemikali imetoka shambani au kiwandani, kazi yake ni kuivunja tu.

Sisemi bangi haina dawa ndani yake. Dronabinoli, ambayo ni THC iliyotengenezwa maabara, imeidhinishwa Marekani tangu 1985 kwa kichefuchefu cha wagonjwa wanaotibiwa saratani ambao dawa nyingine zimeshindwa kuwasaidia, na ipo dawa ya kupuliza mdomoni, Sativex, kwa misuli inayokakamaa kwa wagonjwa wa multiple sclerosis, ugonjwa wa ubongo na uti wa mgongo. Kila moja ina ugonjwa wake na kipimo chake kinachojulikana. Anayeuza chupa moja kwa kifafa, kisukari, shinikizo la damu na saratani, akisema inaua uvimbe, hauzi hata moja kati ya hizo. Na msidanganywe kwamba Umoja wa Mataifa umeihalalisha bangi: kura ya tarehe 2 Desemba 2020, iliyopita kwa 27 dhidi ya 25, iliiondoa katika Jedwali la Nne la Mkataba wa 1961 wa dawa za kulevya, yaani orodha ya zile zinazohesabiwa hatari zaidi, lakini imebaki katika Jedwali la Kwanza, ambalo bado linaidhibiti vikali. Rwanda nayo iliruhusu kilimo chenye leseni kwa ajili ya tiba na kuuza nje, wala haikumruhusu kila mtu kuchemsha majani jikoni kwake. Hapa Tanzania bangi bado ni dawa ya kulevya chini ya sheria ya mwaka 2015, na chupa yenye THC inaweza kukuingiza matatani hata kama nia yako ilikuwa njema.

Kuna jambo dogo katika barua yako ambalo lingepaswa kuulizwa kabla ya mafuta yoyote. Kipimo cha valproeti hupangwa kwa uzito. Je, mtoto bado anakunywa kiasi kilekile alichoandikiwa akiwa na miaka 4? Kama ndivyo, amekua na kukiacha kipimo nyuma, na huenda sababu ya kuanguka ni hiyo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata tiba sahihi, na tiba hiyo kwa wengi ni dawa hizi za kawaida zikipangwa vizuri na kutokosekana. Mrudishe kliniki wiki hii, apimwe uzito upya. Nenda na sirinji unayompimia dawa, tarehe za kuanguka, na ukiweza video ya simu ya tukio moja, kwani daktari hujifunza mengi kwa kuona mkono upi ulianza kutikisika. Chupa ya shemeji nenda nayo pia. Na kama ulishampa matone, hata mara moja, mweleze daktari siku na kiasi bila kuficha, ili ajue kama kipimo cha ini kifanyike siku hiyohiyo.