Re: Polishi ipi inafaa rangi iliyofifia na plastiki zilizopauka?
Ndugu yangu, umeuliza ununue kompaundi, polishi au nta kwa gari jeusi lililofifia kwa jua la Mombasa. Kompaundi na polishi zina chembe zinazosugua, kwa hiyo kila uzitumiapo unaondoa kiasi cha klia, lile tabaka angavu la juu ambalo kwa kawaida lina unene wa maikroni (sehemu za elfu za milimita) 40 hadi 50 tu, na likiisha hakuna dawa ya dukani itakayolirudisha isipokuwa kupuliza rangi upya. Nakusihi uanze na polishi laini, uijaribu kwanza mahali padogo, kivulini, bodi ikiwa imeoshwa na kupoa. Kompaundi, ambayo husugua kwa ukali zaidi, iwe ya mikwaruzo iliyogoma pekee. Kisha paka nta, ambayo hulinda rangi bila kuisugua.

Plastiki nyeusi za bampa zisiguswe na polishi wala nta ya kupaka kwenye rangi ya gari, kwani huacha madoa meupe yanayosumbua mno kutoka. Zifunike kwa tepu ya karatasi unaposugua rangi, kisha uitoe tepu na uzipake dawa yake maalumu yenye kinga dhidi ya jua. Dawa za mafuta matupu hung'aa siku chache na kunasa vumbi.