Usikimbilie Kumpeleka kwa Bibi

Baba yeyote aliyebaki na mtoto baada ya mama kuondoka ameshausikia ushauri huu: "Mpeleke kwa bibi yake." Mimi niliambiwa na kaka zangu, na mkuu wangu wa kazi, hata na fundi viatu wa mtaani kwetu ambaye sikumwuliza. Wote walinitakia mema. Nilipokuja kuiangalia Kramer vs. Kramer, filamu ya Marekani ya mwaka 1979, nikakuta bosi wa Ted Kramer naye anamshauri hivyohivyo, tena New York, kwenye kampuni ya matangazo: mtoto akakae kwa ndugu kwanza, kazi isiharibike. Ted anakataa. Nami naomba ukatae, walau mpaka umejaribu.

Kwa asiyeijua, Ted (Dustin Hoffman) anarudi nyumbani na habari njema za kazini, usiku huohuo mkewe Joanna (Meryl Streep) anaaga na kumwachia mtoto wao Billy. Watu wanaikumbuka sana ile asubuhi ya kwanza, baba anahangaika na mkate na mayai mpaka anaungua mkono. Inachekesha, lakini jiko si tatizo. Uji na chapati utajifunza, na mtoto akilalamika kidogo hatakufa. Tatizo ni jioni. Kuna mahali Ted anachelewa kumchukua Billy kwenye sherehe ya mtoto mwenzake, naye anaambiwa waziwazi kwamba mama za wenzake wote walishafika. Nilipofika hapo nilisimamisha filamu kidogo, nikaenda kunywa maji.

Kwa hiyo anza na jioni. Tafuta watu wawili wa kumpokea mtoto siku utakayokwama, na angalau mmoja wao awe anaishi karibu na shule, si karibu na kwako. Kwa foleni za Dar es Salaam, ndugu mwenye moyo safi aliyeko Mbagala hana msaada kwa mtoto anayesubiri getini Mbezi. Majina yao mpe mwalimu kwa maandishi, ili asije akamkabidhi mtoto kwa kila anayejiita mjomba.

Kazini, usiseme una "changamoto za kifamilia". Taja saa. Mimi ni mhasibu, na mwisho wa mwezi kwetu ni vita. Nilimwambia mkuu wangu kwamba saa kumi na nusu natoka, na hesabu zilizobaki atazipata kwenye barua pepe kabla hajalala. Alinuna wiki kadhaa. Baadaye akazoea, kwa sababu hesabu zilikuwa zinafika. Mabosi wengi wanaielewa saa kuliko wanavyoielewa huruma. Soma pia Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004: inatoa angalau siku 4 za likizo yenye malipo kwa mambo kama mtoto kuugua. Ni chache mno kwa mwenye mtoto wa chekechea, lakini ni haki yako, si fadhila ya mtu.

Ted yeye anafukuzwa kazi. Joanna amerudi anamtaka Billy na kesi ya malezi iko mlangoni, basi Ted anakubali kazi nyingine palepale, yenye mshahara mdogo kuliko wa awali. Mahakamani mwanasheria wa Joanna anaichambua mishahara ya Ted, kisha anaibua siku Billy alipoanguka uwanjani akashonwa nyuzi usoni. Mtoto anapewa mama. Usidhani hayo ni ya Wamarekani tu. Sheria yetu ya Ndoa ya 1971 inaanza na dhana kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 ni vema akae na mama yake, na anayesema vinginevyo ndiye wa kuthibitisha. Tunza kadi ya kliniki, risiti za ada na ripoti za shule. Hata msipofikishana mahakamani, siku mtoto akipata homa usiku utajua kadi iko wapi.

Na bibi? Bibi ni wa likizo ya Desemba, au aje yeye akae nanyi kama ana nafasi. Sisemi aliyempeleka mtoto kijijini amemtupa. Kuna baba wa zamu za usiku ambao hawana njia nyingine. Nasema lisiwe jibu la wiki ya kwanza, maana kwa wiki moja mtoto ameshampoteza mzazi mmoja kutoka machoni pake.

Atauliza pia. Billy anamwuliza baba yake kama mama aliondoka kwa sababu yeye alikuwa mtukutu. Ted anamwambia si yeye, kosa ni lake yeye baba, aliyetaka mkewe awe mtu wa aina fulani. Wewe huhitaji kwenda mbali hivyo kwa mtoto mdogo, ila hilo la "si wewe" liseme, ulirudie hata asipouliza. Mama yake usimseme vibaya, na shangazi zake nao uwakataze. Simu ya mama iwe na siku yake na saa yake, na wanapoongea usikae pembeni unasikiliza.