Simu ikizima njia inapotea: je, ubongo wangu umeharibika?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Nina miaka 38, naendesha teksi mtandao hapa Dar es Salaam, huu mwaka wa sita. Wiki mbili zilizopita simu ilinizimikia nikiwa na abiria kutoka Segerea kwenda Sinza. Nilipofika Ubungo nikachanganyikiwa kabisa, ilhali safari hiyo nimeifanya mara nyingi sana. Wenzangu kijiweni wanasema ramani ya simu imenikausha ubongo. Kuna jamaa ananiuzia unga wa "kuzibua mishipa ya kichwa" ili kumbukumbu irudi, dozi ya mwezi mmoja shilingi 80,000. Ninunue?

JIBU: Usinunue. Hakuna kumbukumbu ya kurudisha hapo. Njia ile hukuisahau, ndugu yangu, hukuwahi kuishika. Aliyeishika muda wote ni simu, wewe ulishika usukani.

Kila wiki napata mtu mwenye hofu kama yako, na karibu wote huja na picha ileile kichwani: kwamba kumbukumbu ni kama tangi, linavuja, na likivuja linajazwa kwa dawa. Picha hiyo ndiyo inayowalisha wauzaji wa unga, nami imenichosha. Ubongo hautunzi njia kwa sababu gari lilipita pale. Unatunza kile ulichofanya uamuzi juu yake. Abiria anayesinzia siti ya nyuma kila asubuhi amepita barabara hiyo mara nyingi kama dereva, lakini mkabidhi usukani uone.

Mwaka 2017 watafiti wa London walichapisha kazi waliyofanya na watu 24, waliotakiwa kutafuta njia katika mitaa ya Soho, eneo la katikati ya London, kwa njia ya video huku ubongo wao ukipimwa. Walipotafuta njia wenyewe, hipokampasi, sehemu ya ndani ya ubongo inayochora ramani ya mahali, iliongeza kazi kila walipoingia mtaa mpya, hasa mtaa wenye njia nyingi za kuchagua. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile ya kupanga, nayo ilishughulika. Walipopewa maelekezo ya kufuata tu, ongezeko hilo halikuonekana. Hipokampasi haikuwa imeharibika. Ilikuwa haijaitwa kazini.

Ndiyo maana neno "kukauka" silikubali. Tunachokijua vizuri zaidi kinatoka kwa madereva kama wewe. Ili kupata leseni ya teksi nyeusi, dereva wa London hukariri mitaa ipatayo 25,000 inayozunguka Charing Cross, katikati ya jiji, kazi ya miaka mitatu, minne. Mwaka 2000 mtafiti wa ubongo Eleanor Maguire na wenzake walionyesha kuwa sehemu ya nyuma ya hipokampasi za madereva hao ilikuwa kubwa kuliko ya watu wengine. Wenye mashaka wakasema labda walizaliwa nayo. Basi wakafuatiliwa wanafunzi 79 tangu mwanzo wa masomo: 39 wakafaulu, na ni hao waliofaulu tu ambao ubongo wao ulikuwa umebadilika mwishoni. Hapakuwa na unga wala matone. Walizunguka mitaani, wakakosea, wakarudi. Madereva wa mabasi wa jiji hilohilo, wanaopita njia moja kila siku kama daladala zetu, hawakuonyesha tofauti hiyo, na wao pia wanaendesha kutwa nzima.

Kwako, basi, tiba ni ndogo. Kabla ya kuwasha gari, itazame ramani nzima, ujiambie kwa sauti: Segerea, Tabata, natokea Mandela, Ubungo, nakata Shekilango. Kisha zima sauti ya simu kwenye safari moja au mbili kwa siku, hasa za kurudi bila abiria. Utakosea. Ukikosea, usikimbilie simu kabla hujajiuliza Mandela iko upande gani. Ramani uiweke kaskazini ikiwa juu, isiwe inazunguka na gari, na usiishikeshike ukiwa barabarani.

Sasa nirudi kwa huyo jamaa, maana hatari iko kwake kuliko kwenye simu yako. "Kuzibua mishipa ya kichwa" ni maneno matupu. Mshipa wa ubongo ukiziba kweli, mara nyingi dalili si kupotea Ubungo tu. Mdomo unapinda, mkono unalegea, maneno hayatoki, na hapo anakimbizwa hospitali saa ileile. Nimepokea wagonjwa waliomaliza miezi kwenye unga wakati presha inapanda na sukari haijawahi kupimwa. Mmoja alikuwa na upungufu wa vitamini B12 baada ya kumeza dawa ya kisukari kwa miaka. Hilo hugundulika kwa kipimo cha damu na lina tiba. Baadhi ya unga usio na lebo umekutwa umechanganywa steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe, na steroidi hukupa nguvu ya siku chache huku ikipandisha sukari na presha. Anayekwambia unatumia asilimia 10 tu ya ubongo anakudanganya pia: ubongo ni karibu asilimia 2 ya uzito wako lakini hula takriban asilimia 20 ya nishati ya mwili, na hakuna pembe yake iliyolala ikisubiri kuamshwa.

Dalili za kukuleta kwangu ni nyingine. Kupotea kwenye njia uliyoijua kabla hujamiliki simu ya ramani, mathalani ya kwenda nyumbani kwa wazazi wako. Kuuliza jambo lilelile mara tatu ndani ya saa moja. Kusahau kwamba una abiria. Kusinzia kwenye mataa ingawa umelala usiku kucha, na mkeo anasema unakoroma kisha unakata pumzi. Hata bila hizo, kwa umri wako na kazi ya kukaa kutwa, kapime presha na sukari wiki hii.

Na kama unga umeshaanza kuunywa, acha, wala usimfiche daktari. Beba pakiti uende nayo.