Barua kwa mwanangu kuhusu rekodi za kriketi: 400 itaanguka, 99.94 siioni ikianguka

Lubumbashi

Mwanangu,

Salamu zako kutoka Bangalore zimefika, na swali lako pia. Wenzako wa nyumba wanashikilia kwamba rekodi kubwa za wapigaji wa kriketi hazitaguswa tena, wewe unabisha, na sasa unataka mimi niseme nani ana haki.

Kila upande una haki nusu, maana mmezitia rekodi zote ndani ya chungu kimoja. Kabla ya kubishana, tazama rekodi imepikwa na nini.

Chukua ile mikimbio 400 ya Brian Lara wa West Indies, kubwa kuliko zote kwa mpigaji mmoja katika zamu moja ya Testi, mechi ya kimataifa ya siku tano. Aliipiga Antigua, Aprili 2004, dhidi ya Uingereza, bila kutolewa, na akapokea mipira 582. Siku moja ya Testi ina ova 90 za mipira sita sita, yaani mipira 540, na mpigaji anagawana na mwenzake wa upande wa pili, kwa hiyo anapata kama 270. Hesabu mwenyewe: Lara alihitaji zaidi ya siku mbili za kusimama pale. Kapiteni gani anakubali kupoteza muda wote huo badala ya kutafuta ushindi? Lara alikuwa kapiteni mwenyewe, na Uingereza ilikuwa imekwisha kushinda mechi tatu za kwanza za mfululizo ule, hivyo hapakuwa na kikubwa cha kupoteza. West Indies wakafunga zamu yao ya kupiga kwa mikimbio 751, wapigaji watano wakiwa wametolewa, muda wa kuwatoa Waingereza mara mbili ukakosekana, mechi ikaisha sare.

Siku hizi muda si kizuizi kikubwa namna ile, kwa sababu watu wanapiga haraka. Harry Brook wa Uingereza alifikisha 317 pale Multan, Oktoba 2024, kwa mipira 322. Halafu Julai 2025, Bulawayo, Wiaan Mulder wa Afrika Kusini alikwenda kula chakula cha mchana cha siku ya pili akiwa na 367 kwa mipira 334, hajatolewa. Kumpita Lara kulibaki mikimbio 34. Kwa mwendo wake ni mipira kama 31, hata saa moja haifiki. Siku ile naye ndiye alikuwa kapiteni. Akafunga zamu, akasema rekodi inafaa ibaki kwa Lara. Heshima hiyo naisifu, ila usitegemee kila kapiteni atakuwa nayo. Rekodi hii imezoea kuhama pia: 365 ya Garfield Sobers wa West Indies ya mwaka 1958 ilikaa miaka 36, Lara akaipita kwa 375 mwaka 1994, Matthew Hayden wa Australia akafika 380 mwaka 2003, miezi michache baadaye Lara akairudisha. Hii itaanguka, mwanangu.

Vilevile 264 ya Rohit Sharma wa India ya mechi za kimataifa za siku moja, Kolkata 2014. Zamu nzima ina mipira 300 na yeye alikula 173. Anayeitaka lazima afungue zamu na akae mpaka ova za mwisho. Katika mashindano ya ndani ya India ya mechi za siku moja, N. Jagadeesan alipiga 277 mwaka 2022 kwa mipira 141, basi inawezekana, ijapokuwa warushaji wa mipira aliowakuta siku ile hawakuwa wa kiwango cha kimataifa.

Rekodi za wingi, za mikimbio ya msimu au ya maisha yote ya uchezaji, ni habari nyingine. Mwingereza Jack Hobbs alikusanya zaidi ya mikimbio 61,000 katika mechi za daraja la kwanza, zile ndefu za siku kadhaa, kati ya 1905 na 1934. Hakuna wa kuifikia, na sababu yake ni ratiba. Mwingereza mwenzake Denis Compton, mwaka 1947, alipiga 3,816 kwa msimu mmoja, katika zamu 50. Leo timu ya kaunti (jimbo) ya Uingereza inacheza mechi 14 za ligi, yaani zamu 28 zikizidi sana. Gawanya 3,816 kwa 28: unahitaji 136 kila unapoingia uwanjani. Achana nayo.

Ile jumla ya mikimbio 15,921 ya Sachin Tendulkar wa India katika Testi iko wazi zaidi. Mwingereza Joe Root alimpita Ricky Ponting wa Australia (13,378) Julai 2025 akiwa na miaka 34, na Uingereza inacheza Testi nyingi kuliko karibu wote. Zilibaki pungufu ya 2,600, kazi ya miaka miwili na nusu akipiga elfu kwa mwaka. Mgongo na magoti ndivyo vitaamua. Zile senchari 100 za kimataifa za Tendulkar, yaani zamu alizofikisha mikimbio mia au zaidi, zina ulinzi zaidi: Virat Kohli wa India alipoacha Testi Mei 2025 alikuwa na 82, na amebakiwa na mechi za siku moja tu.

Sasa Don Bradman wa Australia. Katika Testi zake zote alipata mikimbio 6,996, alitolewa mara 70; gawanya, wastani ni 99.94. Agosti 1948, The Oval, katika zamu yake ya mwisho, alihitaji mikimbio minne tu ili wastani uwe 100. Mrushaji wa Uingereza, Eric Hollies, akamtoa kwa mpira wa pili, sifuri. Wengi wanaishia kwenye sifuri ile. Mimi natazama walio nyuma yake: wakubwa waliocheza muda mrefu wanasimama karibu na 60. Kamindu Mendis wa Sri Lanka alifikisha mikimbio elfu moja kwa zamu 13, sawasawa na Bradman, kisha wastani wake ukateremka, kwa sababu warushaji wanakusoma. Wazee wa Kamalondo hapa Lubumbashi watakuelewa ukiwatajia Ndaye Mulamba, mshambuliaji wetu wa mpira wa miguu enzi za Zaire: mabao 9 katika Kombe la Afrika 1974, mechi sita, fainali na Zambia ikirudiwa. Leo bingwa anacheza mechi saba na bado hakuna aliyefika 9. Wingi wa mechi haumsaidii mtu mbele ya rekodi ya namna hiyo.

Wenzako wakikuchosha, waulize ya Charles Bannerman. Testi ya kwanza kabisa, Melbourne 1877: alipiga mikimbio 165 kati ya 245 ya timu yake ya Australia, asilimia 67.3, na hakuna aliyeipita. Michael Slater aliikaribia mwaka 1999 kwa 123 kati ya 184. Ili ianguke, mmoja apige vizuri sana na wenzake wote waanguke. Nadhani hawataijua.

Mama yako anakusalimia, anauliza kama ule mchele umeuzoea.

Papa yako