MUULIZE FUNDI WA BOTI: Mguu wa silinda nne kwenye V8

SWALI: Fundi, shikamoo. Boti yangu ina injini ya V8 (silinda nane) ya lita 5.7 na draivu, yaani chombo cha nyuma kinachopeleka nguvu ya injini kwenye propela, ya MerCruiser Alpha One ya kizazi cha kwanza, uwiano 1.50 (injini huzunguka mara 1.50 propela ikizunguka mara moja). Niligonga mwamba, mguu (sehemu ya chini ya draivu, yenye propela) ukapasuka na oili ikageuka kama maziwa. Sehemu ya juu ni nzima. Nimepata mguu uliotumika, umetoka kwenye boti ya silinda nne ambayo draivu yake iliandikwa 1.98. Muuzaji anasema Alpha zote ni moja. Rafiki yangu anasema nikiufunga, injini itapiga kelele tu na boti haitakwenda. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Rafiki yako anaogopa kitu kisichokuwepo, na muuzaji anakuficha kilichopo, au hakijui. Nianze na rafiki.

Draivu yako ina jozi mbili za gia. Ya juu inapokea nguvu kutoka kwenye injini na kuipeleka kwenye shafti iliyosimama. Ya chini, ndani ya mguu, inaitoa kwenye shafti hiyo na kuipeleka kwenye propela. Uwiano unaosoma kwenye kibandiko ni zao la jozi zote mbili. Sasa, kwenye Alpha ya kizazi cha kwanza, uwiano wa 1.50, 1.65, 1.84 au 1.98 hupangwa juu. Chini ni gia yenye meno 17 inayozungusha yenye meno 28, ambayo ni 1.65. Katika draivu ya 1.98, juu kuna meno 20 yanayozungusha 24. Katika yako, meno 22 yanazungusha 20. Kwa kila jozi, gawanya meno yanayozungushwa kwa yanayozungusha, kisha zidisha ya juu na ya chini uone mwenyewe.

Kwa hiyo ile 1.98 iliandikwa kwenye kipande ambacho wewe hununui. Funga mguu huo chini ya sehemu yako ya juu, utabaki na 1.50 yako. Rafiki yako angekuwa sahihi kama ungenunua draivu nzima. Hapo, injini ikiwa kwenye mizunguko 4,600 kwa dakika, propela ingeshuka kutoka karibu 3,070 hadi 2,320. Ungelazimika kutafuta propela yenye pichi kubwa zaidi (inayosukuma boti mbali zaidi kwa kila mzunguko), na V8 ingekuwa inazitwisha gia mzigo ambao hazikupangiwa.

Nisingekuamini kwa maneno, na wewe usiniamini mimi. Shika mguu, ingiza gia ya mbele, weka alama kwenye shafti iliyosimama na kwenye propela, kisha zungusha shafti kwa mkono mara 28. Propela izunguke 17. Ukipata hesabu nyingine, mtu aliwahi kuufungua na kuweka alichokipata. Urudishe.

Sasa muuzaji. Alpha zote si moja hata kidogo. Mwaka 1991 kilikuja kizazi cha pili, na mguu wake hauingiani na sehemu ya juu ya kwanza: nyumba ya pampu ya maji ni tofauti, na mfungo ni tofauti. Rangi nyeusi ni ileile, jina ni lilelile, ndiyo maana watu wanauziana kwa macho. Beba mguu wako uliopasuka, uweke ubavuni mwa ule mwingine. Linganisha matundu ya bolti, njia ya maji, njia ya oili, urefu wa shafti na meno ya ncha yake. Kitu kimoja kikikataa, usilazimishe na nyundo. Kuhusu Bravo, draivu nyingine ya MerCruiser, usijisumbue: klachi yake iko juu, na pampu ya maji ya bahari iko kwenye injini, haimo mguuni kama yako.

Ukilingana, mwaga oili kabla ya kulipa. Vumbi laini kwenye sumaku ya kizibo si neno. Vipande vya chuma ni neno kubwa. Tikisa shafti ya propela juu na chini: ikicheza, beringi zimekwisha. Na asikuuzie gia moja moja. Gia za chini hutembea kwa jozi, na nafasi kati ya meno hupangwa kwa shimu (vibati vyembamba) na kupimwa kwa geji. Ubahili hapo hulipiwa na jozi nzima.

Wakati wa kufungua, acha gia ya mbele imeingia. Weka alama mahali kipezi kidogo cha nyuma kilipo, kisha kitoe. Kuna bolti imejificha ndani ya tundu lake, na wengi wamepasua mguu mzima wakibandua kitu ambacho bado kimefungwa. Kurudisha: impela (gurudumu la mpira la pampu ya maji) mpya, oringi mpya kwenye njia ya oili, grisi kidogo kwenye meno ya shafti. Oili ijazwe kutoka chini mpaka itoke tundu la juu. Kisha zungusha shafti ya kuingilia, ile ya sehemu ya juu inayopokea nguvu ya injini, mara 30. Propela ikizunguka 20, maliza kufunga.

SWALI: Nina injini mbili za Alpha na propela zinazozunguka kinyume. Naweza kuweka mguu wa kawaida upande wa kushoto na kugeuza waya wa gia?

JIBU: Hapana. Ujanja huo ni wa Bravo One, ambayo imejengwa kusukuma pande zote mbili. Alpha inayozunguka kinyume ina mguu wake maalumu. Ukitembea siku nzima na gia ya rivasi ya mguu wa kawaida, utakuwa unaegemea beringi zilizowekwa kwa ajili ya kutia nanga na kutoka gatini.