Jibu: Je, kipato cha uhakika kitazaa uvivu?

Ndugu, umeuliza kama kumpa kila mtu kipato cha msingi bila masharti hakutamfanya aache kazi. Ni haki kuuliza, lakini majaribio hayaiungi mkono hofu hiyo. Ufini iliwapa watu 2,000 wasio na ajira euro 560 kila mwezi, 2017 na 2018, na hata aliyepata kazi hakunyang'anywa. Siku zao za kazi hazikupungua, bali ziliongezeka kidogo, na msongo wa mawazo ukashuka. Kule Dauphin, mji mdogo wa Kanada uliojaribu kipato cha uhakika miaka ya 1970, waliopunguza kazi walikuwa hasa akina mama wenye watoto wachanga na vijana waliobaki shuleni. Mimi siwezi kuuita huo uvivu. Tena waliolazwa hospitalini walipungua.

Kwenye njaa ndiko hoja hii inakonigusa zaidi. Mara nyingi chakula kipo sokoni, kinachokosekana ni fedha mfukoni. Misaada ya magunia inahitajika pale vita au ukame vilipoua soko. Lakini soko likiwepo, fedha humfikia mwenye njaa haraka zaidi, naye anajua kama leo anahitaji unga, dawa au mbegu.

Swali gumu zaidi ni nani alipe. Alaska, jimbo la Marekani, huwagawia wakazi wake gawio la mfuko wa mafuta tangu 1982, ila si kila mahali pana mafuta. Ningeanza na watoto na wazee, kwa kodi ya ardhi na madini, na kiwango kiongezwe kila mwaka kulingana na bei, la sivyo mfumuko utakila chote.