Niliandika "claim", nikaandika "false", muuzaji akamwita mwanasheria

Barua yenyewe ilikuwa ya mistari miwili. Nilikuwa na mwaka mmoja tu kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini, ofisi zetu zikiwa maeneo ya Posta, na nilipewa kazi ya kujibu barua pepe za nje kwa sababu ilisemekana Kiingereza kimenikaa. Kontena la tailizi lilikuwa limeingia kutoka Mumbai. Karatasi za muuzaji zilionyesha maboksi 640. Vijana wetu walihesabu kule bandari kavu wakapata 636. Nikaandika: "You claim that you loaded 640 cartons. This is false."

Kichwani mwangu nilikuwa nimesema: mnasema mlipakia maboksi 640, si kweli. Wao wakasoma: mnajidai mlipakia, nyie ni waongo. Jibu lilikuja baada ya siku mbili, refu, na nakala kwa mwanasheria wao. Bosi akaniita, akaisoma barua yangu kwa sauti, akavua miwani.

"Kijana, yaani umemtukana mtu, halafu unamwomba akusaidie?"

"Mzee, mimi nimetafsiri tu."

"Ndiyo tatizo lenyewe hilo."

Maboksi manne hayakuwa yamepotea. Yalifungwa pamoja na mengine kwenye paleti ya mwisho, na ukurasa wa pili wa orodha yao ulieleza hivyo vizuri kabisa. Ukurasa wa pili sikuufungua.

Naandika haya kwa wenzangu tunaokula kwa Kiingereza cha ofisini. Sarufi tulifundishwa, tena kwa fimbo. Ambacho hatukufundishwa ni kwamba maneno yao ya kusema jambo yanamweleza msomaji kama wewe mwandishi unaliamini au huliamini.

Chukua "claim". Daftari la shuleni liliandika ni kudai, basi. Lakini kudai kwetu kuna sura zaidi ya moja. Kuna kudai haki, ambako hakuna aibu yoyote. Kuna kudai deni. Na kuna kule kwa magazetini: anadaiwa kuiba. Jirani yangu wa Tabata aliwahi kuninong'oneza kwamba mweka hazina wa kikoba chao "anadaiwa milioni tano". Wiki nzima nikamkwepa yule mama nikijua kaiba. Kumbe ni mkopo wake tu wa kawaida, hajamaliza kulipa. Kiingereza kingeniokoa hapo, maana deni wana "owe" na tuhuma wana "allege", hayagusani.

"Claim" yenyewe imetokana na neno la Kilatini la kupaza sauti, clamare, na mimi hulikumbuka hivyo: mtu anapiga kelele kwamba kitu ni chake, na sisi wengine tumesimama pembeni tukimtazama. Kwenye bima halina neno, jaza fomu yako ya madai ulipwe. Ila ukiandika "he claims that he paid", msomaji wa Kiingereza anasikia "eti amelipa". Ile "eti" ndiyo maana yake hasa. Sasa jiulize kama ungemwandikia muuzaji: eti mlipakia maboksi 640.

Salama zaidi ni "state". Ni neno baridi kama karatasi, na uzuri wake karatasi inaweza kuwa ndiyo msemaji: "your invoice states", ankara yenu inasema. Hapo hujamgusa mtu. Maelezo unayoandika kituo cha polisi ni "statement", na taarifa ya akaunti yako ya benki ni "statement" hiyo hiyo. Neno halikuamini wala halikutilii shaka. "Allege" waachie mahakama na waandishi wa habari, wao wana sababu ya kuliogopa na kulihitaji.

Halafu kuna "declare", ambalo nalipenda kuliko yote. Ndani yake kuna clarus, wazi, kuweka jambo peupe. Linataka mwenye mamlaka ya kusema, na akishasema jambo limekuwa: vita, matokeo ya uchaguzi, uhuru. Kiswahili chetu hakijawahi kukubaliana nalo kwa neno moja. Lile la Februari 1967 sisi tunaliita Azimio la Arusha, yaani tulichokusudia. Kwa Kiingereza ni "Arusha Declaration", yaani tulichotangaza. Lile la haki za binadamu la mwaka 1948 utalikuta kwa Kiswahili mahali pengine ni tamko, mahali pengine azimio, pengine taarifa. Kwa hiyo ukikutana na "declare" usikimbilie kutangaza. Tazama kwanza nani anasema, na akishasema nini kinabadilika.

Kwetu forodhani kinabadilika kingi. TANSAD, ile hati ya kueleza mzigo forodhani, ni tamko. Ukishaiwasilisha, yaliyomo ni kauli yako mbele ya serikali, na hapo ndipo "declare" inapokutana na "false" kwa ubaya. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, kifungu cha 203, inazungumzia tamko ambalo ni "false or incorrect". Wakala mgeni anaona hayo maneno mawili ni pambo, wanasheria wanapenda kurudia. Hapana. La kwanza linanuka hila, la pili ni kukosea, na sheria imeyataja yote mawili makusudi. Ukiandikiwa na ofisa kwamba tamko lako ni "incorrect", shukuru Mungu, rekebisha. Akiandika "false", piga simu kwa mtu anayejua sheria kabla hujajibu chochote.

Hii "false" imetoka kwenye fallere, kudanganya, na harufu ya asili yake haijaisha. Lakini inatuchanganya kwa sababu ina upande usio na hatia. Meno ya bandia ni "false teeth", hakuna aliyedanganywa. Mtihani unaandika "true or false". Sisi tulioandikiwa KWELI au SI KWELI shule ya msingi tunapaswa kulielewa hili kuliko wote, maana mimi simkumbuki mwalimu aliyeandika KWELI au UONGO. Tulijua tangu darasa la kwanza kwamba si kweli ni habari ya sentensi, na uongo ni habari ya mtu. Hata nyumbani, mzee akikosea tarehe humwambii ni uongo. Unamwambia, "Baba, nadhani ilikuwa Jumanne." Adabu ile ile ipeleke kwenye barua pepe: "the figure appears to be incorrect". Takwimu ndiyo iliyokosea, mwenye takwimu hayumo. "You are wrong" haimwiti mtu mwongo, ila inamkera bure.

"Untrue" liko katikati, na mara nyingi ni neno la anayejitetea: tuhuma hizi hazina ukweli. "Lie" usiandike kazini, hata kama una ushahidi. Wenyewe Waingereza wanaliogopa. Bungeni kwao kumwita mwenzako mwongo ni mwiko, utaambiwa ufute kauli kama Dodoma tu, na ndiyo maana maneno ya Winston Churchill bungeni mwaka 1906, "terminological inexactitude", yamebaki kuwa njia ya mzaha ya kusema uongo bila kuutaja. Silabi kumi na moja kukwepa moja.

"Fake" tunalo tayari, tumelifanya feki na limekuwa mwenyeji wa Kariakoo. Juni 2016, mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilipozifungia simu feki, mji mzima ulikuwa unabonyeza *#06#. Ila katika maandishi rasmi simu ile ni "counterfeit", na cheti cha kughushi ni "forged". Feki lisemee mdomoni.

La mwisho lilinikuta mwenyewe. Majina yangu kwenye vyeti viwili yalitofautiana herufi moja, nikaenda kuapa kwa wakili karibu na Mahakama ya Kisutu. Binti wa duka la kuchapa alichukua hati ya mtu wa jana, akabadilisha jina, akachapa. Nikasaini bila kusoma, mimi mwalimu wa wengine. Wakili ndiye aliyeona: hati ilisema mimi ni Mkristo na ikaandika "swear", naapa. Mimi ni Mwislamu, na kwenye viapo vyetu hapa Mwislamu huandikiwa "affirm", nathibitisha. Ikabidi kuchapa upya na kulipa upya. Kwa hiyo neno la kiapo lisome kabla ya kalamu, hasa kwenye hati iliyochapwa juu ya hati ya mwingine.

Ile barua ya Mumbai leo ningeiandika hivi: "Your packing list states 640 cartons. Our tally shows 636. Kindly check and advise." Nasikia Mwingereza wa leo akiona "kindly advise" anacheka, anaona ni Kiingereza cha babu yake. Sawa, acheke. Mumbai na Dar tunaelewana.